Kidole cha Tisa

Kidole cha tisa kilibaki hewani, nami sikujua nikipeleke wapi.

Nilikuwa mbele ya darasa langu la Kihispania, katika sekondari moja ya serikali jijini Houston. Nyuma yangu ubaoni palikuwa na ubeti wa José Martí, kutoka Versos sencillos, kitabu alichokichapisha New York mwaka 1891, miaka minne kabla hajauawa vitani kwao Kuba:

Cultivo una rosa blanca
en julio como en enero,
para el amigo sincero
que me da su mano franca.

Anasema anakuza waridi jeupe, Julai kama Januari, kwa ajili ya rafiki wa kweli anayempa mkono kwa moyo safi. Nilikuwa nimeshatamba kwamba kila mshororo una silabi nane barabara. Basi tuhesabu. Cul-ti-vo-u-na-ro-sa-blan-ca. Tisa. Nikarudia polepole, kama afanyavyo kila mwalimu aliyekwama, na hapo ndipo nilipozidi kujizamisha, kwa sababu ukisoma polepole silabi zinazidi kuachana. Tisa tena.

Nyuma kabisa alikaa mvulana mzaliwa wa Honduras ambaye tangu shule ifunguliwe Agosti hakuwa amefungua mdomo ila kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Hakuinua hata kichwa. "Mista," akasema, maana ndivyo watoto wa Kilatino wa Texas wanavyomwita mwalimu mwanamume, bila jina, "hakuna mtu anayesema hivyo. Ni vou. Cultivou-na." Akaligonga dawati kwa kalamu, mara nane.

La kuudhi ni kwamba nililijua jambo hilo. Linaitwa sinalefa: irabu ya mwisho wa neno ikikutana na irabu ya mwanzo wa neno linalofuata, zinaungana na kuhesabiwa silabi moja. Chuo kikuu nililifanyia mtihani nikapasi. Lakini mimi ni mtoto wa Mombasa, nimehesabu mizani kwa vidole tangu sekondari, na katika mizani yetu kila irabu ina kiti chake. "Ua" ni mbili, "jeupe" ni tatu, na hata "m" ya "mtu" inalipiwa nauli kamili. Mbele za watu, vidole vyangu vilirudi nyumbani.

Sikuanza na Martí wala na mwalimu yeyote. Kihispania nilikianzia kwenye sinki. Nilipokuja Marekani kusoma, jioni niliosha vyombo katika mkahawa ambao jiko lake lote lilikuwa la watu wa Puebla, Meksiko, na lugha ya jiko ilikuwa ile yao. Nilijua kusema "kisu nyuma yako" na "sufuria ni ya moto" kabla sijajua kusema "nimefurahi kukufahamu." Pale sinkini nilifanya kazi na mzee mmoja ambaye shule aliiachia darasa la sita. Usiku mmoja, mashine ya kuoshea vyombo imeharibika, tunasugua masufuria kwa mkono, akaanza kughani:

Volverán las oscuras golondrinas
en tu balcón sus nidos a colgar...

Hakusoma popote. Alighani shairi zima, mbayuwayu weusi watakaorudi kutundika viota kwenye roshani, na wale waliojifunza majina yetu, ambao hao hawatarudi. Nilidhani ni wimbo wa kijijini kwao. Ni baada ya miaka mitatu, nikiwa chuoni, nilipolikuta kitabuni: Gustavo Adolfo Bécquer, mtu wa Sevilla, amefariki 1870 akiwa na miaka 34, na mashairi yake yakachapishwa mwaka uliofuata. Mzee alikuwa amekaririshwa shuleni. Meksiko walikuwa na utaratibu huo, na bado wanafanya mashindano: mtoto anasimama mbele ya wazazi na bendera, mikono inakwenda huku na huku, anatoa shairi moyoni. Wakati ule niliona sawasawa na sisi siku ya Maulidi, tumevaa kanzu zilizopigwa pasi na mama, tunatoa kaswida huku jicho liko kwa ustadhi.

Ungetegemea, baada ya kuonja hivyo, niingie darasani nikafundishe hivyo. Sikufanya hivyo. Miaka minne ya kwanza nilifundisha jedwali.

Jedwali lilikuwa na safu nne: maudhui, toni, tamathali za usemi, ujumbe. Nilifunzwa kwenye mafunzo ya ualimu kwamba kukariri ni mambo ya zamani, kwamba mwanafunzi wa leo anachambua. Basi tukachambua. Nikigawa shairi la Neruda wa Chile, kwenye toni wanaandika "huzuni." Nikigawa la Machado wa Hispania, "huzuni." Bécquer, "huzuni sana." Wakijaza safu zote wanaweka kalamu chini na kutazama saa. Nilikuwa nawauliza "shairi hili lina maana gani" kabla halijapita mdomoni mwao hata mara moja, na wao kwa adabu wakawa wananipa maana yoyote ile ili tumalize.

Baada ya siku ya kidole cha tisa nililitupa jedwali. Sisemi kwamba nilipata mwanga. Niliona aibu tu, na aibu ilinifanya niache kujifanya mwenye mali. Kihispania cha yule mvulana kilikuwa cha mama yake, changu ni cha kupanga. Kazi ya masikio nikawaachia wao, mimi nikabaki na kazi ya maswali.

Hesabu ikawa mlango wetu. Watoto wanapenda kuhesabu, hasa wakijua mwalimu anaweza kushindwa. Tulipofika kwa Sor Juana Inés de la Cruz nilidhani nimejiandaa:

Hombres necios que acusáis
a la mujer sin razón,
sin ver que sois la ocasión
de lo mismo que culpáis.

Huyu ni mtawa wa Meksiko wa karne ya 17, na hapa anawaambia wanaume kwamba ni wapumbavu, wanamlaumu mwanamke bila haki ilhali wao wenyewe ndio chanzo cha hayo wanayolaumu. Wasichana wa Kimeksiko walimtambua kabla sijamtaja. "Ni yule bibi wa noti ya peso mia mbili!" Ni kweli, alikuwa kwenye noti hiyo, na siku hizi yuko kwenye ya mia moja. Kilichowachekesha ni hayo "acusáis" na "sois," vitenzi vya "ninyi" wa Hispania ambao Amerika ya Kilatini hawautumii kabisa. Kwao ni kama vile mtoto wa Nairobi anapokutana na "mato" na "moya" katika shairi la zamani la Lamu: anaelewa, lakini anahisi babu fulani ameingia chumbani.

Tukahesabu. Mshororo wa pili: a-la-mu-jer-sin-ra-zón. Saba. Wa tatu, pamoja na sinalefa: saba. Yote minne, saba. Kitabu kinasema shairi hili ni la nane. Sheria ipo, nami nikaitoa kama nilivyopewa: neno la mwisho likiwa na mkazo kwenye silabi ya mwisho, ongeza moja. "Kwa nini?" akauliza msichana mmoja. Nikasema ndiyo sheria. Akanitazama kama ninavyowatazama wao wanaposema mbwa amekula daftari.

Swali lile nilikwenda nalo nyumbani na likanikosesha usingizi, na jibu lilinijia kwa Kiswahili. Maneno mengi ya Kihispania yana mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama yetu karibu yote. Kwa hiyo sikio la mshairi limezoea kwamba baada ya mkazo wa mwisho kuna silabi moja zaidi ya kutulia. Mstari unapimwa mpaka kwenye mkazo wa mwisho, halafu inaongezwa ile ya kutulia, iwepo isiwepo. Sasa sisi Waswahili tunafanya nini na neno la kigeni linaloishia kwa konsonanti? Tunalipa irabu ya kulifungia. Tunasema stesheni, tunasema blanketi, tunasema benki. Kesho yake nikaandika ubaoni: a la mujer sin razoni. Nane. Sin ver que sois la ocasioni. Nane. Darasa likaangua kicheko, na wiki nzima wakawa wanaongea Kihispania cha Mombasa korido zote: corazoni, camioni, por favori. Lakini sheria ya kuongeza moja hakuna aliyeisahau, hata kwenye mtihani. Irabu ambayo Kiswahili huitamka, ushairi wa Kihispania huihesabu kimyakimya. Sidai kwamba ni nadharia, na profesa wa lugha anaweza kunivua kofia, ila darasani inafanya kazi.

Sor Juana nilimweka mbele ya Neruda makusudi. Neruda ndiye anayependwa na walimu, hasa Februari, mwezi wa wapendanao. Kitabu chake cha mashairi 20 ya mapenzi kilitoka 1924 kabla hajatimiza miaka 20, na shairi la 15 linaanza: Me gustas cuando callas porque estás como ausente. Napenda unaponyamaza kwa kuwa ni kama haupo. Miaka yote ya jedwali hakuna aliyelipinga, waliandika "mapenzi" kwenye maudhui na "huzuni" kwenye toni. Mwaka ule, wakitoka moja kwa moja kwa yule bibi wa noti, yule msichana wa "kwa nini" alilisoma kwa sauti mstari mmoja tu, akaweka karatasi chini. "Mista, huyu ananipenda nikifunga mdomo?" Kikaanza kishindo. Mvulana mmoja akamtetea Neruda kwamba ukimya unaozungumziwa ni wa kumkosa mtu. Mwingine akasema hata hivyo angeomba ruhusa kwanza. Mimi nilikaa juu ya dawati nikala kitumbua changu.

Baadaye mmoja wao akakuta simuni kwamba katika kumbukumbu za maisha yake Neruda mwenyewe alisimulia jinsi alivyomlazimisha mtumishi wa nyumbani, mwanamke wa Kitamil, alipokuwa konseli kule Ceylon, nchi inayoitwa Sri Lanka leo. Waliniuliza kama tutaendelea kumsoma. Niliwaambia nitaendelea, na kwamba hilo nalo tutalisoma, na kwamba atakayetaka kukariri shairi la mtu mwingine badala yake ana ruhusa. Sita walibadilisha. Sijui kama nilifanya sawa. Ndilo nililoweza siku ile.

Maana kukariri kulikuwa kumerudi. Kila mmoja mishororo 8 kwa muhula, yoyote, mbele ya wenzake. Kiongozi mmoja aliyekuja kunikagua aliandika kwamba shughuli ile haina "fikra za juu." Labda. Ila nimeona mtu akikariri shairi la Lorca, mshairi wa Hispania, kwa sababu tu ni fupi, kisha fikra zikamfuata baadaye, njiani, bila kualikwa. Lile fupi ni wimbo wa mpanda farasi:

Córdoba.
Lejana y sola.

Jaca negra, luna grande,
y aceitunas en mi alforja.
Aunque sepa los caminos
yo nunca llegaré a Córdoba.

Córdoba iko mbali, peke yake. Farasi mweusi, mwezi mkubwa, zaituni mkobani. Na hata nikizijua njia, Córdoba sitafika. Hapa ndipo mimi hujisikia nyumbani. "Aceituna" na "zaituni" zimetoka tumbo moja, Kiarabu, moja kupitia Andalusia, kusini mwa Hispania, na nyingine kupitia bahari yetu. Ndivyo na "azúcar" na sukari, "azafrán" na zafarani. Ninayoipenda kuliko zote ni "hasta": wasemao asili yake ni "hatta" ya Kiarabu ndio walio wengi, na hiyo hiyo ndiyo "hata" yetu, ile ya hadithi, "hata siku moja sultani akatoka." Lorca mwenyewe, mwana wa Granada, aliyepigwa risasi Agosti 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza tu, aliacha mashairi aliyoyaita "casidas." Niliposoma neno lile mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani. Kaswida!

Haya yote niliyamwaga siku ile, mizizi ya maneno, Waarabu, Andalusia, na darasa likanivumilia. Kisha yule mvulana wa Honduras, ambaye sasa alikuwa anaongea, akauliza: "Kama anajua njia, kwa nini hafiki?" Shairi linajibu mishororo michache mbele: kifo kinamtazama kutoka minara ya Córdoba. Lakini kabla sijafungua mdomo, jirani yake akasema taratibu, "La migra." Askari wa uhamiaji.

Hakuna aliyecheka. Mle ndani walikuwamo watoto ambao nyanya zao wako umbali wa siku mbili kwa basi na hawajaonana kwa miaka kumi, njia wanaijua kwa majina ya vituo. Nilikuwa na maelezo tayari kuhusu ishara ya kifo katika ushairi wa Lorca, kurasa mbili. Niliyaacha mfukoni. Tulilisoma tena, wote pamoja, kengele ikalia.

Darasa la wanaoanza ni habari nyingine. Hawa si wazawa wa lugha, wana Kihispania cha miezi mitatu, na humo mwaka jana niliingiziwa kijana mmoja Mkongomani, mkimbizi, ambaye aliposikia lafudhi yangu siku ya kwanza akauliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, wewe ni wa wapi?" Kwa wanaoanza huwa natumia "Sensemayá" ya Nicolás Guillén, Mkuba mweusi, ya mwaka 1934, wimbo wa kumuua nyoka. Maana si kazi kubwa. Kuna kiitikio kinachorudi mara tatu tatu, ¡Mayombe-bombe-mayombé!, na mwalimu aliyekulia kwenye ngoma anajua la kufanya na kiitikio. Mimi natoa, wao wanapokea, madawati ndiyo ngoma. Mara ya kwanza mwalimu wa hisabati wa jirani alipiga ukuta. Mara ya pili alikuja kuchungulia.

Nikamgeukia kijana wa Kongo kwa fahari. Nikamweleza kwamba Mayombe ni msitu wa kule kwao, kwamba watu waliovushwa bahari utumwani walilibeba jina lile mpaka Kuba, na sasa limefika Texas kumwamkia. Nilikuwa karibu kutoa machozi kwa uzuri wa maneno yangu.

"Mwalimu," akasema, "Mayombe iko chini kabisa, karibu na bahari. Mimi ni wa Uvira, mashariki kabisa." Akafikiri kidogo, asije akanivunjia heshima. "Kongo si kijiji."

Nilistahili. Tangu hapo nikitaka kumuunganisha mwanafunzi na shairi namuuliza yeye kwanza anatoka wapi.

Mwisho wa muhula kijana huyo alisema hataki kukariri bila kuelewa, nami hoja yake nikaikubali. Tukakaa saa ya chakula cha mchana, yeye na sahani yake ya pitsa ya shule, tukaazimia kumtia Martí katika Kiswahili, kwa mizani yake nane, kama utenzi. Nilianza vibaya: "Ninakuza ua jeupe." Vidole vyangu vikasema tisa, vile vile kama siku ile. Kwa Kihispania ningeponea sinalefa, "za" na "u" zingeshikana mikono nikapita. Kiswahili hakitoi msamaha huo. Nikakata "ni," na baada ya dakika 20 na pitsa imepoa tukawa na hii:

Nakuza ua jeupe
kiangazi nisitupe
rafiki nami nimpe
mwenye mkono wa kweli.

Julai na Januari zimepotea, na "nisitupe" imekuja zaidi kwa ajili ya kina kuliko kwa ajili ya Martí, najua. Lakini mizani imetimia, vina vimekaa, na "nimpe" inahesabu "m" yake kama ilivyo haki. Niliiandika vizuri kwenye karatasi nyeupe nikamkabidhi.

Aliisoma kwa midomo, mara mbili, huku vidole vinafunguka kimoja kimoja juu ya meza. Kisha akasimama kwenye mstari wa kwanza.

"Mwalimu, hii 'ua.' Kwetu tunasema maua, hata likiwa moja."

Akachukua kalamu, akalibadilisha, akaanza upya kutoka kidole gumba. Na-ku-za-ma-u-a-je-u-pe. Kidole cha tisa kikabaki hewani, akanitazama.